Muuza mota za LEGO umenipiga mchana kweupe, na jua la Dodoma limekuumbua

Wakuu, salaam. Hasira hizi nimekaa nazo wiki tatu makusudi zipoe, maana humu ukitukana unafungiwa. Hazijapoa, basi tuvumiliane.

Mimi ni fundi simu na redio, kibanda changu kipo Dodoma mjini, si mbali na Sabasaba. Jioni nikishafunga nina ugonjwa wangu mmoja: kujenga magari kwa matofali ya LEGO, yale ya Technic yenye gia, shafti na difu, halafu nayatia mota na rimoti. Fundi mwenzangu ni mpwa wangu wa darasa la tano. Tangu mwezi wa sita tulikuwa na Land Cruiser mkonga mezani. Bodi tumemaliza, milango inafunguka, shokapu zinacheza. Ilibaki mashine tu: mota mbili za kusukuma, servo ya stelingi, boksi la betri, risiva na rimoti yake.

Sasa Dodoma hii vitu hivyo uvipate wapi? Majengo nimezunguka, maduka ya mjini nimemaliza. Kila ninayemwelezea ananitolea gari la rimoti lililokwisha kutengenezwa, lile linalopiga muziki na kuwaka taa. Nikaingia mtandaoni, nikampata jamaa wa Kariakoo. Tangazo lake ninalo mpaka leo: "Seti kamili ya mota na rimoti, used ya Ulaya, kama mpya, unaendesha NJE hadi mita 50." Herufi kubwa ni zake, si zangu.

Nikamuuliza swali moja: "Kaka, rimoti ni ya Bluetooth au ya mwanga?" Akajibu, "Ya kisasa boss, haina shida." Mtu ukimuuliza hii au ile akakwambia haina shida, shida ndiyo hiyo hapo. Sikushtuka. Nikatuma 310,000 kwa lipa namba, na elfu kumi ya basi juu.

Mzigo niliupokea stendi ya Nzuguni usiku. Dogo aligoma kulala mpaka boksi lifunguliwe.

Boksi la betri: springi mbili zina ukurutu wa kijani, betri ziliwahi kuvujia humo. Hilo nilimsamehe, nikakwangua na kufuta kwa spiriti, ndiyo kazi yangu. Gia ndogo ya meno nane: meno mawili yameliwa, yamebaki vikonyo. Nikanyamaza. Halafu nikashika difu. Ndani ya difu kunatakiwa gia tatu ndogo zinazochezeana, ndizo zinazoruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari likikata kona. Hizi zilikuwa zimegandishwa kwa supaglu. Nikawasha taa ya kazini nikasogeza jicho, nikaona tone la gundi limekauka katikati ya meno kama kamasi.

Wakuu, LEGO haipigwi gundi! Tofali la mwaka 1958 ukilipata leo linashikana na la jana, kwa sababu vipimo havijaguswa, kutoka nundu hadi nundu ni milimita 8. Mtu anayepaka supaglu kwenye difu ni sawa na mtu anayechomelea boneti ya gari kwa kuwa loki imelegea. Ukiniuzia niambie.

Lakini hata gundi siyo iliyonileta hapa.

Usiku ule tulifunga kila kitu. Gia ya meno 8 (nilikuwa na yangu nzima) inasukuma ya meno 24, yaani mota izunguke mara tatu ndipo ekseli izunguke mara moja. Mwendo unapungua lakini nguvu inaongezeka, mkonga haujengwi kwa ajili ya mbio. Betri sita za AA, volti 9. Sebuleni gari likaenda, likapanda mto wa kochi, dada yangu akapiga makofi. Dogo akaenda kulala na rimoti mkononi.

Jumamosi saa nne asubuhi tukatoka uani. Mnajua jua la Dodoma la saa nne. Watoto wa majirani sita wamejipanga ukutani, dogo ameshawatangazia tangu alfajiri. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Tairi la kushoto likatikisika kidogo likatulia.

"Anko, limezimika?"

Nikakagua waya, nikabadilisha betri, wapi. Nikalivuta chini ya mwarobaini, likaruka hatua moja likafa. Nikalirudisha sebuleni, linakwenda kama kawaida! Hapo nikashajua. Nikachukua simu, nikafungua kamera, nikaielekezea rimoti kwenye kioo. Ukibonyeza unaona kitaa cha mbele kinawaka rangi ya zambarau, ambacho kwa macho hukioni. Infraredi. Kitu kilekile cha rimoti ya televisheni.

Kwa wasiojua: rimoti ya aina hii inatuma mwanga, na risiva ina jicho la kuupokea. Jua nalo linamwaga infraredi kwa wingi. Ukiliweka jicho lile kwenye jua ni kama umewasha kiberiti Uwanja wa Jamhuri saa saba mchana ukitegemea aliye goli la pili akuone. Ndani ya nyumba unapata mita kama kumi, nje kweupe unaambulia hatua mbili tatu, au hupati kitu.

Na mtengenezaji simlaumu hata kidogo. Mfumo huu unaitwa Power Functions, ulitoka 2007, na kwa kuchezea sebuleni ni mzuri sana: una chaneli nne, kila risiva ina sehemu mbili za kuchomeka, magari manne yanakwenda chumba kimoja bila kuingiliana. LEGO wenyewe ni watu wa Denmark, huko jua lenyewe wanalisubiri. Ninayemlaumu ni mtu aliyechukua kitu cha sebuleni akaandika NJE, mita 50, akamuuzia mtu wa Dodoma.

Nikamwandikia kwa adabu. Jibu: "Boss mzigo ulitoka hapa mzima, labda ni vumbi la huko kwenu." Nikamtumia video mbili, ndani na nje. Akasema, "Basi chezeni ndani." Nikaomba hela yangu. Akanitumia picha ya risiti, kidole chake kikiwa juu ya maandishi ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapa sasa mnicheke, nimejiandaa. Siku mbili baadaye akanirudia kwa upole. Ana habu ya Bluetooth, yaani boksi la betri lenye risiva yake humohumo, unaendesha kwa simu, jua halina habari nayo, 120,000 tu. Nikamuuliza plagi ni ileile? "Zote LEGO hizo boss, zinaingiliana." Nikalipa. Ndiyo, nililipa. Dogo alikuwa haongei na mimi, mlitaka nifanyeje?

Habu ikafika. Plagi ya zamani imekaa kama kitofali cha nundu nne, ina vidole vinne vya shaba, unaweza kuzipandanisha. Plagi ya mfumo mpya, ule wa kuanzia 2018, ni ndogo, ina njia sita, inazama kwenye tundu. Haziingiliani hata ukizipiga nyundo. Nilikaa nimezishika zote mbili, moja kila mkono, kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba ya jirani.

Na wale wa "wewe si fundi, kata waya uchomelee", nimewaona mnakuja. Mota za kusukuma ningeziunga, hazina ujanja. Servo ya zamani ndiyo ngoma: waya zake mbili za kati zinabeba amri, mbili za pembeni zinataka umeme wa kudumu, na habu mpya haikupi umeme huo kwa waya zile. Utapata gari linalokwenda mbele na nyuma bila stelingi. Na kwa nini nikate waya wa kitu nilichouziwa kama seti kamili?

Jumla 430,000, nauli za basi sijahesabu. Kwa kipato cha kibandani hiyo si hela ya kusema Mungu atanilipia. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na "NJE mita 50" kama siyo kupotosha sijui ni nini. Tume ya Ushindani nawaandikia wiki hii, tangazo, risiti na video zote ninazo. Jina lake siliweki hapa kwa sasa. Yupo humu, anausoma uzi huu, na anajijua.

Nanyi wengine mnaouza mota za mtumba, mnashindwa nini kupiga picha ya plagi? Plagi tu! Mnapiga picha boksi pande sita, mnapiga picha stika, plagi mnaikunjia nyuma.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Amenipigia. Anasema atarudisha 120,000 ya habu nikifuta uzi. Nimemwambia arudishe 430,000 kwanza, mambo ya uzi tutaongea baadaye. Amekata simu.

Dogo naye ameshagundua kwamba jua likizama gari linakwenda uani bila shida. Hapa ninapoandika wako nje na wale sita, wanaliendesha kwa tochi, kwenye kona linaburuza tairi kwa ajili ya ile difu ya gundi. Mwenye difu nzima ya Technic aje PM, bei tutaelewana. Aje na picha, na aifungue nione ndani.