Mwalimu kaja wodini kuuliza dripu ya mwanangu inaisha saa ngapi!!

Mama Pacha Mmoja (mfungua uzi)

Wakuu salamu baadaye, nina hasira mpaka simu inateleza mkononi. Huyu mtu mnamjua. Hiyo shule mnaijua, ile ya geti la bluu, yule mwalimu wa taaluma anayetembea na funguo nyiiiingi kiunoni utadhani kakabidhiwa magereza yote ya nchi hii. Simtaji. Mnamjua.

Mwanangu wa la saba kalazwa. Malaria kali, sio ile ya kumeza mseto jioni mtoto yuko nje anacheza mpira, hii ni ile ya homa kupanda mpaka anapiga stori na marehemu bibi yake. Sindano ya kwanza kachomwa alipofika, ya pili baada ya masaa 12, ya tatu tulikuwa bado tunaisubiri. Mkono wa kulia una kanula, wameufungia kipande cha boksi la glavu asije akaukunja, macho ya njano, uji anakunywa vijiko viwili anatapika vitatu. Katika hali hiyo ndo anaingia bwana mkubwa na bahasha ya kaki kwapani.

Mimi nikasimama nimpishe kiti, si kaja kumuona mgonjwa, nikasema moyoni hata kama hajabeba machungwa jamani amekuja, Mungu ambariki. Hajasema pole. Hajamgusa mtoto. Kainua macho kaangalia chupa, kamgeukia nesi, "Sista, hii dripu inaisha saa ngapi?"

Narudia. DRIPU. INAISHA. SAA NGAPI.

Nesi wa watu akadhani ndo baba mtoto kaja ana wasiwasi, akamjibu kwa upole kabisa, baba hii bado bado, kama saa moja na nusu hivi. Yeye akaangalia saa yake akasema "Aah basi, Hisabati ataiwahi."

Ataiwahi!!! Na ni MOCK, mtihani wa kujipima tu! Sio mtihani wa Taifa, Taifa ni mwezi wa tisa, hii ni mock ambayo ikishasahihishwa karatasi zake tunakutana nazo kwa mama ntilie zimefungia maandazi. Nikamwambia mwalimu, wewe unamuona huyu mtoto kweli? Ananijibu mama tuelewane, akikosa huyu wastani wa shule unashuka, na huyu ndo tulikuwa tunamtegemea kwenye A. Halafu akaangalia ule mkono wenye boksi akauliza eti wa kushoto hawezi kuandikia?

Wodi nzima kimya. Kitanda cha pili kuna bibi anamuuguza mjukuu, toka tumefika hajaongea na mtu, hata salamu anaitikia kwa kichwa. Siku hiyo alifungua mdomo: "Mtoeni huyo nje."

Ada nimelipa. Hela ya mock nimelipa, hela ya rimu nimelipa, hela ya Jumamosi nimelipa, hela ya kambi nimelipa, na huko kambini ndo alikoipatia hiyo malaria maana vyandarua vya bweni lao vina matundu anapita kunguru na mzigo wake. Halafu unakuja kuniuliza dripu. Saa ngapi. Nimeitundika mimi? Mimi Tanesco nitoe ratiba ya kukata umeme?

Nilitamani niing'oe nimchomeke yeye. Niambieni nimfanye nini huyu mtu, na msiniambie niende kwa mwalimu mkuu, ndo aliyemtuma.

Fundi Dirisha
Pole sana mama, mtoto apone haraka. Ila "Hisabati ataiwahi" nimecheka mpaka bodaboda kasimama kuniuliza kuna nini 😂😂😂

kitunguu_swaumu
Mama, kuanzia Bunju mpaka Mbagala mageti ya bluu yako mangapi? Ongeza maelezo tumjue.

Mama Pacha Mmoja
Ile yenye magari ya njano.

kitunguu_swaumu
MAGARI YA SHULE YOTE NI YA NJANO 😭😭

Mzee wa Ukonga
Mnalipa mamilioni mnanunua dharau. Wa kwangu yuko Kayumba, shule ya serikali, mwaka jana kaugua tetekuwanga wiki ya mitihani ya muhula, nimeenda kutoa taarifa mwalimu ananiuliza "yupi huyo?" Darasani wako 140, hakujua kama hayupo. Na ripoti ikaja ana 62 ya Sayansi. Mtihani hajafanya! Mpaka leo sijui hiyo 62 ni ya nani, nimenyamaza maana akiulizia mwenyewe tutarudisha.

Mkuu wa Bisi
Nimekaa mbele kabisa. Swali moja tu, huyo marehemu bibi alisema nini kuhusu Hisabati?

Mwl Chaki Nyeupe
Nafundisha la saba, ngoja niseme. Hiyo mock sio ya Baraza la Mitihani, ni ya wilaya au mkoa, mtoto akiikosa hapotezi kitu chochote. Hata mtihani wenyewe wa mwezi wa tisa ugonjwa una utaratibu wake. Shule inatoa taarifa mapema, mtoto akiwa na nguvu anaweza kusimamiwa hukohuko alikolazwa, akiwa hawezi karatasi za hospitali zinapelekwa. Sikilizeni matokeo yakitangazwa, huwa wanataja kabisa kuna watahiniwa waliougua na wamepewa nafasi wafanye mwaka unaofuata. Sasa kama mtihani wa Taifa wanamsubiri mgonjwa mwaka mzima, huyo wa mock anakimbizwa na nani? Na huo wastani anaulilia wakati Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora toka Januari 2023. Mama tunza makaratasi yote ya hospitali, mpaka risiti.

Kobe Mchovu
Ooh walimu wameshaanza kuingia kistaarabu kutetea wenzao.

Mwl Chaki Nyeupe
Wapi nimemtetea??

Kobe Mchovu
Maelezo marefu hivyo lazima kuna kitu.

Jirani wa Namanga
Kwetu Kenya hilo si jambo geni. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ikifika Novemba lazima habari za jioni zioneshe msichana amejifungua usiku, asubuhi anaandika karatasi ya Kiswahili kitandani, mtoto pembeni, polisi mlangoni na bunduki. Kisha waandishi wanamuuliza unajisikiaje. Huyo mwalimu wenu angepata kazi huku haraka sana.

kitunguu_swaumu
Polisi na bunduki wodi ya wazazi, analinda nini, kichanga kisipenyeze majibu?

Ua la Mgomba
Nyie mnacheka ila wengine tunaishi na hili. Wangu ana selimundu. Kila msimu wa mitihani napeleka barua ya daktari kwamba huyu anatakiwa anywe maji muda wote na asipigwe baridi, maana mwili ukikauka zile chembe zinanasa kwenye mishipa na maumivu yanaanza. Mwaka huu msimamizi kamnyang'anya chupa, eti akinywa sana atasumbua kwenda chooni. Kufika saa tano mifupa imeanza, mtoto analia anashika magoti, na yule msimamizi anamwambia "malizia basi hilo swali la mwisho." Swali la mwisho!! Insha!

Mama Pacha Mmoja
Shoga yangu pole, hao ni ndugu. Wa kwako swali la mwisho wa kwangu dripu inaisha saa ngapi, hawa walisomea chuo kimoja.

Fundi Dirisha
Mama Pacha kwani ana uhakika ni malaria? Hospitali za siku hizi kila mtu anaambiwa UTI, ugonjwa wa njia ya mkojo.

Mama Pacha Mmoja
Kapimwa damu, ni malaria. Tusitoke kwenye mada jamani.

Mzee wa Ukonga
Fundi umenikumbusha, mimi nilibanwa kidole na mlango wa daladala, nikaenda zahanati nikiwa nimekishika hivi kinavuja, nikaambiwa nikojoe kwenye kikopo. UTI. Nikapewa dawa ya siku saba. Kidole nikajifunga mwenyewe nyumbani.

Mkuu wa Bisi
Mke wangu kaenda kutoboa masikio. UTI.

Kobe Mchovu
Mimi nilimsindikiza mtu tu. Tukatoka na dawa wote wawili.

Mama Pacha Mmoja
Wakuu naomba turudi kwenye DRIPU. Yule mtu bado yuko huru na funguo zake, leo kanitumia meseji eti "tumemtunzia karatasi yake akipata nafuu aje aifanye ofisini." Sio mtoto anaendeleaje. Karatasi!

dada_wa_Tabata
Pole mamii. Ila afadhali wewe unaombwa ufanye mtihani, mimi wa kwangu yuko chekechea, nimeletewa barua ya mahafali. Elfu 85. Mtoto hajui kufunga kamba za viatu anahitimu nini? Joho, kofia, keki, picha na "mgeni rasmi". Na mwakani anaanza la kwanza shule hiyohiyo, geti lilelile.

Ua la Mgomba
85? Sisi laki na ishirini, na joho tunarudisha!

Mwl Chaki Nyeupe
Hapo kwenye joho hata mimi siwezi kutetea.

Kobe Mchovu
Kumbe ulikuwa unatetea.

Mzee wa Ukonga
Subirini 2027 la sita na la saba wakimaliza pamoja, si msingi inakuwa miaka sita, hapo kwenye majoho ndo mtaniambia vizuri.

kitunguu_swaumu
Dada wa Tabata mimi ninalo joho la mwaka jana, jekundu, la mtoto wa miaka sita, lina doa la soda kidogo kifuani ila ukilivaa na ule mkanda wa dhahabu halionekani. Elfu 15 tu, njoo inboksi.

dada_wa_Tabata
Letu wametaka la bluu.

kitunguu_swaumu
La bluu ninalo pia. Elfu 20.