Sufuria nyepesi za safari ya mtumbwi: titani, alumini au chuma cha pua?

KasiaMbili

Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Tutakuwa watu wanne, siku sita, mitumbwi miwili. Njiani kuna vipande vitatu vya nchi kavu ambako kila kitu kinabebwa mgongoni, kile kirefu ni kama kilomita moja. Tutapikia jiko dogo la gesi, lile linalofungwa juu ya mtungi, na jioni moto wa kuni pale unaporuhusiwa. Chakula ni wali, uji, tambi, maharage yaliyopikwa kisha yakakaushwa, na samaki tukibahatika.

Titani naona inasifiwa kila kona kwa wepesi wake. Ninunue seti ya titani nimalizane nayo? Na kwa watu wanne ukubwa gani unatosha? Nyumbani nina sufuria zenye utando wa kutogandisha na mishikio ya plastiki, nafikiria kuzibeba kama akiba.

FundiBati

Mkuu, usinunue kwa sifa, piga hesabu kwanza. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya titani 4.5, ya chuma cha pua karibu 7.9. Kwa hiyo iliyo nyepesi ni alumini. Titani inaipita kwa sababu ni ngumu, ikifuliwa nyembamba haibonyei ovyo, na hapo ndipo gramu zinapopungua.

Chukua sufuria ya lita moja, kipenyo sm 12, kimo sm 9. Kitako na ukuta vina eneo la sentimita za mraba 450 hivi. Alumini ya unene wa mm 1 inakupa gramu 122, titani ya mm 0.4 gramu 81, chuma cha pua cha mm 0.6 gramu 214. Hapo mfuniko na mshikio havimo. Kati ya titani na alumini, basi, ni gramu 40. Ukienda kwenye sufuria ya lita nne kwa unene huohuo, tofauti inafika gramu 100 hivi, nazo mnagawana wanne. Kwenye safari ambayo mtumbwi wenyewe ndio mzigo mkubwa wa kubeba, huo si uzito wa kukufanya ulipe bei ya titani.

Sasa upande wa joto, ambako wengi wanachanganya mambo. Alumini hupitisha joto mara nane hadi kumi na tano kuliko titani au chuma cha pua. Kwa kuchemsha maji tu hilo halina maana kubwa, kwa sababu ukuta ni mwembamba, joto linavuka mara moja na maji yanayozunguka yanalisambaza. Maji ya chai yatachemka kwenye titani karibu sawa na kwenye alumini.

Shida iko kwenye chakula kizito. Kichwa cha jiko dogo la gesi kina upana wa sm 3 au 4, na moto unapiga pale katikati. Uji ukishashikana hauzunguki tena, na titani haiwezi kulitoa joto katikati kulipeleka pembeni. Ukifunua mfuniko unakuta wali wa pembeni bado una kiini kigumu, na katikati ya kitako pana mduara wa ukoko mweusi wenye ukubwa uleule wa kichwa cha jiko. Kupunguza moto kunasaidia kidogo tu, maana huo mduara haupanuki kwa kupunguza.

Kwa menyu yako mimi ningechukua alumini iliyofanyiwa anodaizi, yaani iliyotiwa ngozi ngumu ya kinga kwa umeme, ile ya kijivu iliyokoza, unene usiopungua mm 1. Titani iachie vikombe, na hapo angalia: kikombe cha kuta mbili usikiweke motoni kamwe. Hewa iliyofungiwa katikati inapanuka na kukivimbisha au kukipasua.

MotoWaKuni

Naungana na FundiBati kwenye titani, ila nampinga kwenye sufuria kubwa. Umesema jioni ni kuni. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na makaa yakipulizwa na upepo yanapita hapo. Ikiwa na maji ndani haina neno, kwa sababu maji hayaruhusu kitako kupanda mbali juu ya nyuzi 100. Lakini maharage yakikaukiwa na mpishi yuko mtoni anavua, kitako cha alumini kinalegea na kutoboka. Chuma cha pua hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,400, titani 1,668. Hizo zitageuka rangi, titani itakuwa ya bluu na zambarau, lakini kesho yake unapikia.

Jingine ni jivu. Jivu lenye maji ni magadi, na magadi yanakula ule utando wa anodaizi. Ukiisugua sufuria hiyo kwa jivu kila jioni, ngozi ya kijivu itafifia kwa mabaka. Chuma cha pua kinasuguliwa kwa jivu, mchanga au stilwaya na hakilalamiki. Alumini tupu, isiyo na anodaizi, haipendi pia vitu vichachu: mchuzi wa nyanya ukilala humo usiku kucha asubuhi una ladha ya bati.

Kwa hiyo sufuria kubwa iwe ya chuma cha pua, ndogo ziwe za alumini. Uzito utaongezeka gramu 200 hivi kwa kundi zima.

Hata hivyo, kwa moto wa kuni mshikio ni muhimu kuliko suala la madini. Tafuta sufuria yenye mshikio wa waya wa juu, kama wa ndoo, ili uitundike kwenye mti wa juu ya moto au uitoe kwa kijiti bila kuingiza mkono kwenye ndimi za moto. Waya uweze kusimama wenyewe. Ukilala ubavuni mwa sufuria unapata moto na unakuunguza ukiugusa. Masikio yanayoshika waya yatazame kwa karibu. Yaliyofungwa kwa ribiti mbili kila upande ni ya kuaminika. Yaliyolehemiwa kwa nukta mbili ndogo hung'oka, na hung'oka sufuria ikiwa imejaa, kwani ndipo yanapobeba uzito. Dukani jaza maji, inua, tikisa. Mwenye duka akikataa, nenda duka jingine.

Zile za nyumbani ziache nyumbani. Utando wa kutogandisha wa Tefloni unaanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi, na ukizidi sana unatoa moshi wenye sumu. Kwenye kuni huna namna ya kuzuia joto lisifike huko. Mishikio ya plastiki, na hata ile ya kukunja yenye soksi ya mpira wa silikoni, kwenye kuni inaungua au kuyeyuka. Kama umeipenda sufuria yenye soksi hizo, zivue, ubebe koleo la kushikia. Gramu zake 30 au 40 zinalipa.

KasiaMbili

Asanteni sana, sikuwa nimefikiria habari ya mshikio wa waya kabisa. Ila hamjagusa ukubwa. Na je, nikinunua ile sufuria yenye mapezi chini ya kitako, vile vibati vyembamba vya kunasa joto, ya kuokoa gesi, si nitapunguza mitungi?

MaziwaMatatu

Ukubwa: chakula kizito mtu mmoja mwenye njaa ya kupiga kasia anakula robo tatu lita. Wanne ni lita 3. Acha robo ya sufuria wazi juu ili isifurike ikichemka, unapata lita 4. Hiyo ndiyo kubwa. Ya pili lita 2.5 kwa mboga au tambi, ya tatu lita 1.5 ibaki kuwa ya maji ya chai tu, isiingie mafuta. Zote ziingiane. Kikaango cha sm 24 chenye mpini wa kukunja, na mfuniko wa ile kubwa ukienea juu yake unaokoa kitu kimoja. Kwa samaki kikaango cha chuma cheusi chembamba kinazidi vyote, mradi ukikaushe juu ya moto na kukipaka mafuta kila ukishakiosha, la sivyo asubuhi kina kutu.

Chagua sufuria pana kuliko ndefu. Nyembamba ndefu moto unaipita pembeni na joto linaenda hewani, tena inapinduka upesi.

Hapo ndipo kuna kasoro ambayo wenzangu wameiruka: jiko lako. Sufuria ya lita 4 ikijaa ina zaidi ya kilo 4. Juu ya jiko linalosimama kwenye mtungi, vile vidole vitatu vya kushikia sufuria vina upana wa sm 10 hadi 15, na chini yake mtungi wenyewe una kitako cha sm 11. Koroga uji mzito mara moja kwa nguvu, chote kinalala. Na sufuria pana inarudisha joto chini kwenye mtungi. Ukiuzungushia kizuia upepo pande zote ndio unautafutia mlipuko. Kwa jiko hilo usizidi lita 2. Kama mtapikia kubwa kwenye gesi, chukua jiko la chini lenye mpira wa gesi na miguu mipana. Hilo unaweza kulizungushia kizuia upepo, kwa sababu mtungi unakaa mbali.

Kuhusu mapezi: yanaokoa gesi kweli, lakini ni kwa gesi tu. Kwenye kuni yanajaa masizi katikati, na kuyasafisha ni kazi ya sindano. Yakipata joto kavu yanaweza kuachana na kitako. Nawe kuni ndiyo nusu ya mpango wako.

Gesi yenyewe hesabu yake ni hii. Lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 inahitaji kilojuli 335. Gramu moja ya gesi ina kilojuli 46 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi ni gramu 7 tu. Nje, kwa sababu ya joto linalopotea, weka gramu 12 hadi 15 mfuniko ukiwa juu, na zaidi kukiwa na upepo. Mkichemsha lita 6 kwa siku ni gramu 90, siku sita 540. Hiyo ni mitungi mitatu ya gramu 230 bila kuni. Mkipata kuni jioni, miwili inatosha. Tambi na yale maharage yako yaliyopikwa kisha yakakaushwa yachemshe dakika chache, epua, funga sufuria kwa blanketi au kipande cha godoro dakika 15. Yanaiva yenyewe na hayana nafasi ya kuungua. Njia hiyohiyo inaiokoa hata titani.

MotoWaKuni

Kwa jiko nimekubali, nililipita kweli.

Niongeze la masizi. Kabla ya kuweka sufuria kwenye kuni, paka nje sabuni ya maji, tabaka jembamba, kitako na ubavu. Masizi yanakaa juu ya sabuni na yanatoka kwa kitambaa. Ukisahau, usihangaike kung'arisha. Nje nyeusi haina madhara, mradi kila sufuria iwe na mfuko wake wa kitambaa, maana masizi hayachagui, yatafika mpaka kwenye mablanketi. Kuosha iwe mita 60 hivi kutoka majini, na maji machafu myamwage ardhini.

FundiBati

Mchanganyiko wa chuma cha pua na alumini sina ugomvi nao kwa menyu hiyo. Sharti moja: zisiingiane zikiwa zimelowa. Zikibanana na maji katikati, hasa ya chumvi kama njia yenu inagusa mahali bahari inapoingia mtoni, alumini ndiyo inayoliwa, na inaliwa kwa vitundu vidogo vinavyoanzia kwenye ribiti za chuma. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa, weka kitambaa katikati. Kitambaa hichohicho kinazuia zisisuguane mtumbwi unaporuka mawimbi.