Tupeane uzoefu: uliombwa kichanga wako aingie kwenye utafiti, ukaamuaje?

Habari zenu wazazi. Naomba tukusanye hapa visa vya walioombwa ridhaa ya utafiti mtoto akiwa na saa chache tu tangu azaliwe. Binti yangu ni njiti, na kidonda cha upasuaji kilikuwa bado kibichi daktari aliponiletea fomu. Walitaka damu kidogo ya ziada wakati wa vipimo vya kawaida, wafuatilie maambukizi. Nilisaini.

Kilichonishawishi ni malezi ya kangaruu. Kumlea njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Kwa miaka mingi tuliambiwa tusubiri mtoto atulie kwanza. Ndipo wazazi wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania wakakubali vichanga wao, wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, wapangwe kwa bahati nasibu: wengine waanze kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wasubiri. Matokeo yalitoka 2021. Vifo vya ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Binti yangu alianza kifuani mapema kwa sababu ya wazazi wale, nisiowajua.

Nyinyi je, mlielezwa vizuri? Mliokataa mlitendewaje?

Mama Tumaini:
Nilikataa. Dawa ilikuwa mpya na baba yake alikuwa safarini. Niliogopa watamtenga mwanangu, lakini manesi walimhudumia vilevile.

Baba Pacha:
Sisi tulikubali wapimwe kiwango cha oksijeni. Nilikuwa nimeshasoma kwamba miaka ya 1940 njiti walipewa oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa, wengi wakapofuka. Hakuna aliyekuwa na hakika ya chanzo mpaka walipolinganishwa makundi mawili katikati ya miaka ya 1950. Kisha oksijeni ikabanwa mno, nako kukaleta vifo. Ndiyo maana siku hizi wanafungwa kile kipimo mguuni na macho yanakaguliwa. Kwangu, dawa inayotolewa kwa kukisia inatisha kuliko utafiti unaosimamiwa.

Dada M:
Mimi nililetewa karatasi katikati ya uchungu. "Saini hapa, mama." Hiyo si ridhaa jamani, na bado inaniuma.

Nesi wa Zamu:
Pole sana Dada M, haikupaswa kuwa hivyo. Nimeomba ridhaa za namna hii kwa muda mrefu. Mama mwenye uchungu haelezwi yote kwa mkupuo. Inapowezekana tunaanza kliniki, kabla hajajifungua, halafu tunarudia akishapumzika. Mwambieni anayewaletea fomu awasomee kwa lugha mnayoielewa, aseme hatari ni zipi, na kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Dai nakala yako.

Baba Pacha:
Mwenye mada, walikurudishia majibu ya utafiti?

Mwenye mada:
Bado. Nakala ya fomu ninayo, ina namba ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Nitaanza na mtafiti, kisha niwaandikie hapa atakachosema.