Cheti cha dawa cha karatasi kifutwe zahanati zote, kila kitu kiingie kwenye mfumo. Mnasemaje wadau?

Mtoto wa Mzee: Wakuu habari za jioni. Juzi mzee wangu kaandikiwa dawa ya presha zahanati, kikaratasi kile cha kukunja, famasi ya kwanza wanasema hii amlodipine, ya pili wanasema amitriptyline. Moja ya presha, nyingine ya sonona!! Hospitali kubwa daktari anabofya tu, ukifika dirishani dawa yako wameshaiona. Sasa hizi zahanati na vituo vya afya zinasubiri nini, GoTHOMIS, ule mfumo wa kompyuta wa serikali wa vituo vya afya, si ipo? Karatasi ipigwe marufuku. Kikwazo nakiona kimoja tu, wale manesi wetu wanaokaribia kustaafu, kibodi wanaidonoa kwa kidole kimoja kama kuku na mtama.

Mama Wawili: Nilikuwa na wewe mpaka ulipofika kwa kuku. Mimi nesi wa zahanati, mwaka wa 22 huu. Tabibu akiitwa kikao wilayani nabaki peke yangu, napima wajawazito, nachanja watoto, nasikiliza mgonjwa, namwandikia, halafu nazunguka upande wa pili wa meza nampa hizo dawa nilizoandika mwenyewe. Huo mfumo nimtumie nani ujumbe, mimi? Na jioni vitabu vya MTUHA, vile vya kujaza taarifa za wagonjwa na huduma za kituo, vinanisubiri. We endelea kuhesabu vidole vyangu.

Fundi Redio: Kuku na mtama 😂😂 jamani

Mama Wawili: Cheka tu kaka, siku mkeo akishikwa uchungu saa nane usiku utamtafuta huyohuyo kuku.

Kijana wa Kebo: Mama shikamoo, usichukulie vibaya, ila jamaa kasema ukweli. Mimi nafunga hii mifumo vituoni, unafundisha watu siku tatu, ukirudi mwezi ujao kompyuta imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Estonia wanaandika dawa kwa mfumo tangu 2010, mgonjwa anaenda famasi yoyote na kitambulisho basi. Sisi tunalialia.

Bwana Kipara: Estonia nchi nzima watu hawafiki hata Ilala, acha kutufananisha. Na Mei 2024 kebo za intaneti za baharini zilipokatika mbona ulikaa kimya? Wagonjwa wangesubiri meli ya kuunga waya?

Kijana wa Kebo: Mfumo unaweza kukaa kwenye kompyuta ya hapohapo kituoni, intaneti ikikata kazi inaendelea. Umeme ndo ungesema. Halafu Ilala siku hizi ni Jiji la Dar es Salaam.

Bwana Kipara: Ilala ni wilaya. Halmashauri yake ndo iliitwa Jiji 2021. Soma vizuri kijana.

Dawa Baridi: Wakuu tuachane na Ilala kidogo. Mimi niko dirishani famasi mwaka wa tisa. Mwandiko mbaya unasumbua kweli, lakini mwandiko mbaya unakushtua, unasimama, unauliza. Nimewahi kuletewa cheti kimechapwa kwa kompyuta safiii, amoksilini kapsuli ya 500 kutwa mara tatu, mtoto wa kilo nane. Alibofya mstari wa mtu mzima. Ningekuwa na foleni ndefu siku ile ningeamini, maana kilikuwa kizuri kukitazama. Mfumo usiouliza uzito wa mtoto ni taipureta tu.

Fundi Redio: Nyie wa famasi leo ndo mnakijua cheti? Mtu anakuja na mia tano anapewa antibaotiki nne kwenye kipande cha gazeti, cheti mnakiona saa ngapi. Usugu wa dawa mnaotangaziwa kila siku mmeuleta nyie

Dawa Baridi: Mimi siuzi hivyo. Waulize wenye maduka ya vijijini.

Duka la Kona: Naona tumefikiwa. Sisi wa DLDM, maduka ya dawa muhimu, tumesoma na tuna kibali, na tuna orodha ya dawa tunazoruhusiwa, usitutupie takataka zako. Huu mpango umeanza Mbeya miaka ya 2000 huko, kabla yake watu walikuwa wanauziwa dawa na muuza mafuta ya taa.

Bwana Kipara: Ruvuma, 2003. Sio Mbeya.

Duka la Kona: Haya Ruvuma, wewe kazi yako ni kusahihisha watu tu? Na mkileta mfumo wenu wa kutumiana dawa kwa mtandao, duka langu halina kompyuta, mgonjwa wa kijijini akiambiwa zahanati dawa hakuna kanunue nje, atakuja kwangu na nini mkononi? Ataniimbia jina la dawa?

Fundi Redio: atakuimbia ndio 😂

Mtoto wa Mzee: Dada Mama Wawili naomba radhi kwa neno la kuku, mama yangu mdogo nesi pia, kanipigia simu amewaka. Hoja yangu ilikuwa usalama wa mzee tu.

Mama Wawili: Yameisha mdogo wangu. Mzee anaendeleaje, alipewa ipi mwishowe?

Mtoto wa Mzee: Amlodipine. Dada wa famasi ya tatu alimpigia tabibu akamuuliza.

Mama Wawili: Namba kaipata wapi?

Mtoto wa Mzee: Ilikuwa nyuma ya kikaratasi.