Tupeane uzoefu: kuuguza kifafa nyumbani

Abiria wa Kimara: Jana ndani ya basi la mwendokasi hapa Dar es Salaam, tulipokaribia Magomeni, kijana alianguka kifafa na watu wakamkimbia kana kwamba povu lingewaambukiza. Nimemkumbuka marehemu kaka yangu. Mliouguza, simulieni.

Mama Wawili, Mbagala: Binti yangu alianza kuanguka akiwa na miaka 6, nasi tukapoteza miaka 2 kwa waganga kwa sababu bibi yake alishikilia kuwa ni mashetani. Vidonge vya fenobabito, dawa ya kuzuia kifafa, vilimtuliza kabisa, mpaka mwezi ambao dirisha la dawa la hospitali lilituambia zimeisha, na maduka ya mtaani, niliyoyazunguka kwa miguu hadi Rangi Tatu, nayo hayakuwa nazo. Usiku wa 4 bila dawa alianguka mfululizo pasipo kuzinduka, nikampakata ndani ya bajaji huku mvua ikinyesha na maji yamejaa barabarani. Alipona, lakini kusoma alikokuwa amekuzoea ilibidi aanze upya. Na dawa yenyewe, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, yaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka!

Mzee wa Tandika: Dirisha hilo nalifahamu, mama. Pole sana.

Fundi Redio: Akianguka mnusisheni kiberiti, kisha mtieni kijiko mdomoni asing'ate ulimi.

Muuguzi Mstaafu: Kiberiti hakimsaidii, na kijiko hicho kinaweza kumvunja meno, mwanangu. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, na zikipita dakika 5 mkimbizeni hospitali.

Fundi Redio: Babu yangu alinusishwa kiberiti na akaishi miaka 80.

Mbongo wa Leicester: Huku Uingereza mgonjwa wa kifafa halipii dawa zake. Daini haki zenu.

Mzee wa Tandika: Tumdai nani, ndugu? Karibu asilimia 80 ya wagonjwa milioni 50 duniani wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wataalamu wa mishipa ya fahamu wamejaa huko uliko.

Mpogoro: Kwetu Mahenge, mkoani Morogoro, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa miaka ya 1960, na hadi leo usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi na unaohusishwa na kifafa, unatuandama.

Abiria wa Kimara: Tuyaache hayo kidogo. Mama Wawili, binti anaendeleaje?

Mama Wawili, Mbagala: Yuko kidato cha 2. Dawa zake za mwezi wa akiba nazificha kwenye kopo la maziwa, na bibi yake ndiye anayemkumbusha kumeza.