Kutoka kilo 96 hadi 80 kwa wiki 6, naombeni ushauri

Mtoto_wa_Kisauni
Assalaam aleikum wana jukwaa. Mie kijana wa miaka 33, naishi Kisauni, urefu wangu mita 1.72 na uzito kilo 96. Nataka ndani ya wiki 6 niwe 80, na tafadhali msianze na habari za polepole ndio mwendo maana muda wenyewe sina. Treina nshampata na pesa nshamlipa. Programu yake ni mazoezi alfajiri na jioni, kula mara moja tu kwa siku, na nikikimbia nivae koti la mvua la nailoni nitoe jasho. Swali langu ni moja tu, huo mlo mmoja nile nini kinipe nguvu za jioni na kisinirudishe nyuma? Naishi kwa mamangu, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi, na akiniona sili aona naumwa. Usingizi wenyewe siku hizi haunijii nikiliwaza hili jambo.

MamaZuu
Wa aleikum salaam mwanangu. Achana na hayo makoti. Mie baada ya mtoto wa tatu nlikuwa sipiti mlangoni, nkaanza kutembea Mama Ngina kila baada ya swala ya alfajiri, kutoka huku kwenye feri mpaka Lighthouse na kurudi, sukari kwenye chai nikaitoa kabisa, na mahamri nikala Ijumaa peke yake. Mbaazi hazina ubaya, ubaya ni lile tui zito tunalomwagia. Mwambie mamako azipike kwa nyanya na kitunguu, na samaki awe wa kuchoma, kibua au tasi, si wa kukaanga mafuta yakaelea. Mwili ukanisikia, ingawa ilichukua karibu mwaka.

Kaka_Tudor
Mama Zuu pale Lighthouse mbona wauza mihogo wote wanakujua kwa jina? 😂

MamaZuu
Mihogo nawanunulia wajukuu, wewe nyamaza.

Mwalimu_wa_Namba
Mtoto wa Kisauni, tufanye hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kama kalori 7,700. Kilo 16 ni kalori 123,200. Gawanya kwa siku 42, inakujia kama 2,930 za kupunguza kila siku. Sasa mtu wa umri wako, urefu huo na uzito huo, asiyefanya kazi nzito, mwili wake hutumia kama 2,600 hivi kwa siku. Yaani hata ukifunga mdomo kabisa usile chochote, hesabu haitimii. Wiki ya kwanza utaona mizani imeshuka sana ufurahi, kumbe ni maji, kwa sababu sukari iliyowekwa kwenye ini na misuli kila gramu yake hushika maji kama gramu 3, ikitumika maji nayo yanatoka. Na jasho la koti la nailoni ni hivyo hivyo, ukinywa jagi moja kilo imerudi. Wataalamu wengi wanasema nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki. Kwa nini lazima 80?

Mtoto_wa_Kisauni
Nashukuru mwalimu lakini treina ana watu wameshuka zaidi ya hivyo, nimeona picha zao. Halafu kuna kapsuli za kuchoma mafuta amenipa, ukizimeza huhisi njaa na moyo unachangamka. Pesa yenyewe sh 12,000 hairudi, kwa hivyo hapo pa kuacha sipo. Mie nauliza chakula tu. Kwa nini 80 ni mambo yangu binafsi.

Nesi_Likoni
Kapsuli gani? Soma lebo uandike hapa. Na je, kuna dawa yoyote unayotumia kutoka hospitali?

Mtoto_wa_Kisauni
Ni chupa nyeupe haina lebo, yeye hununua kwa wingi anatugawia. Niko fiti tu, ni huu uzito.

Kijana_Jimu
Mlo mmoja sio mbaya bro, mie nlifanya. Mayai manne, pojo bakuli zima, parachichi, mchicha. Protini ndio mpango, lenga kama gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya uzito la sivyo unapunguza misuli badala ya mafuta. Na nyanyua vyuma, kukimbia pekee hakutoshi.

Dada_Majengo
Subiri Ramadhani ufunge, bure kabisa.

Kaka_Tudor
Ramadhani ipi dada, hii ya viazi vya nazi, kaimati, sambusa na sharubati? Mie kila mwaka nafungua mwezi na suruali, nafunga mwezi na kanzu.

Mwalimu_wa_Namba
Rudi kwenye swali langu. Kwa nini 80 na kwa nini wiki 6?

Mtoto_wa_Kisauni
Basi nitasema. Nimepata kazi ya meli. Wakala aliniambia kampuni haichukui mtu ambaye BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, imezidi 30 na medikali ni baada ya hizo wiki 6. Kozi zote za usalama nshafanya, kuzima moto, kuogelea na boti za kuokolea, mamangu aliuza dhahabu yake tukalipia. Mie ndie mtoto wa kwanza. Sasa mwaona kwa nini sitaki kuambiwa tembea mwaka mzima.

Mwalimu_wa_Namba
Ungesema tangu mwanzo! Kwa urefu wa 1.72, BMI ya 30 ni kilo 88.7. Wewe unahitaji kilo 8, si 16. Treina amekupa namba ya picha, si namba ya kazi. Kilo 8 kwa wiki 6 bado ni kali, lakini kwa mtu wa 96, ukihesabu na maji yanayotoka mwanzo, si ndoto. Mlo mmoja hauhitaji, wala koti.

Baharia_Mkongwe
Hongera kijana. Mie nimekula chumvi injini rumu miaka mingi, nikwambie medikali si mizani tu. Watakupima macho na rangi, masikio, mkojo, presha, kifua, kwa daktari aliyeidhinishwa na KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya. Cheti chenyewe kwa MLC, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, hakizidi miaka 2, kwa hivyo hutapimwa mara moja ukasahau, utapimwa maisha yako yote ya bahari. Na ukifika kule chini injini rumu joto lake ukilinganisha na hili letu la kaskazi utaliona hili ni baridi, ngazi za chuma juu chini mchana kutwa. Ukienda ukiwa umejikausha kwa koti la nailoni na mlo mmoja utaanguka wiki ya kwanza. Mimi ningekuomba ujibu lile swali la Nesi.

AfyaPoa_Deals
Kapsuli za kukata kitambi, asili 100%, njooni inbox ❤️

Mpekuzi
Haya, nilijua. Akaunti ya huyu Mtoto wa Kisauni imefunguliwa juzi, uzi wake wa kwanza ndio huu, anataja kapsuli hazina lebo, anataja treina mwenye picha za watu, na dakika chache baadaye anatokea muuzaji. Huu ni mchezo wa watu wawili. Halafu hiyo hadithi ya meli na dhahabu ya mama imewekwa kututoa machozi. Kesho ataandika "jamani nimeshuka, asanteni, namba ya treina hii hapa". Msipoteze muda.

Kijana_Jimu
Hata mie nlianza kuhisi. Mtu anauliza chakula huku ashalipa kila kitu?

Dada_Majengo
Na kila akiulizwa dawa anaruka. Kama si tangazo ni nini?

MamaZuu
Jamani kijana amewaamkia vizuri, mbona mnamvamia?

Mtoto_wa_Kisauni
Tangazo gani Mpekuzi? Sina cha kuuza mie. Mwataka ukweli, chukueni. Nina presha. Niligunduliwa mwaka jana, nikapewa amlodipine. Tangu nianze kuzimeza miguu inavimba, jioni nikivua soksi alama ya lastiki imezama kama mtu amenifunga kamba, nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Treina akaiona, akasema hayo ni maji yamejazwa na vidonge, siwezi kupungua nikiwa navimeza. Nikaviacha. Na ndani ya moyo wangu nliona bora hivyo, kwa sababu kwenye fomu ya medikali waulizwa dawa unazotumia, na mie nikiandika presha kazi imekwenda. Nikipungua presha itashuka yenyewe, si ndivyo wanavyosema hospitali, punguza uzito? Basi napunguza. Sioni ubaya wangu uko wapi.

Nesi_Likoni
Asante kwa kusema. Sasa nisikilize ndugu yangu. Kuvimba vifundo ni jambo linalojulikana sana kwa amlodipine, si mafuta, na hakuna jimu itakayoitoa. Unarudi kwa daktari aliyekuandikia, anapunguza dozi au anakubadilishia, dawa za presha ziko aina nyingi. Ni kweli kupungua uzito hushusha presha, na wengine daktari huwapunguzia vidonge baadaye, lakini yeye ndiye anayepunguza huku akipima. Wewe umeacha kidonge, ukaongeza kapsuli isiyo na lebo inayokuchangamsha moyo. Nyingi za namna hiyo ni kafeini kwa wingi na vichangamshi vingine, na vinapandisha presha. Hapo hapo unakimbia ndani ya nailoni kwenye joto la Mombasa, tumbo tupu. Hiyo chupa iweke mbali leo hii. Ukiona kizunguzungu, kifua kubana, kichwa kuuma vibaya au mkojo wa rangi ya kola, usiulize mtu mtandaoni, kimbia hospitali.

Ustadh_Bondeni
Mwili ni amana. Na kuandika uongo kwenye fomu ndio unaanza safari ya riziki kwa dhuluma. Baraka itatoka wapi?

Mtoto_wa_Kisauni
Ustadh nakuheshimu lakini baraka hailipi deni la dhahabu. Ni nani hapa aliwahi kuandika presha kwenye fomu akapewa kazi?

Baharia_Mkongwe
Mimi.

Nimeandika kila medikali tangu nianze kumeza vidonge, na nimepanda meli. Hili ndilo nililotaka kukwambia tangu ulipotaja wakala. Mwongozo wa kupima mabaharia wa ILO na IMO, mashirika ya dunia ya kazi na ya bahari, hausemi mwenye presha hafai. Unasema presha ikizidi 160 ya juu au 100 ya chini, mtu anasimamishwa kwa muda mpaka achunguzwe na kutibiwa. Iliyotibiwa ikatulia, na dawa haikuletei usingizi wala kizunguzungu, unapasishwa, pengine kwa cheti cha muda mfupi wakuangalie. Kampuni nyingine zina masharti yao, muulize wakala wazi. Lakini ona ulipojiweka, umeacha kidonge kinachokufanya upite, ukashika kapsuli itakayokufanya usimamishwe. Mashine ya presha haisomi fomu.

Na ukipita kwa kuficha ndio mbaya zaidi. Meli ya mizigo haina daktari, MLC inalazimisha daktari kwenye meli ya watu 100 na zaidi inayosafiri kupita siku 3. Sisi wengine sanduku la dawa anashika ofisa, anaongea na daktari wa nchi kavu kwa redio. Nilikuwa na mwenzangu, oila wa kupaka mashine mafuta, mtu mcheshi sana, alificha. Tukiwa katikati ya bahari ya Hindi mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea. Mpaka tunafika bandari ilikuwa hakuna la kufanya kwa ule mkono. Yuko nyumbani kwao mpaka leo.

Mpekuzi
Sawa, hilo la soksi hakuna muuzaji angelibuni. Naondoa neno langu la tangazo.

Kijana_Jimu
Bro treina kukuachisha dawa ya hospitali hiyo si kazi yake kabisa. Mazoezi endelea, lakini tafuta mtu mwingine.

Mtoto_wa_Kisauni
Nimewasoma nyote. Mie bado nasema mazoezi siachi, na kilo 8 nazitaka, hilo msinibadilishe. Koti na kapsuli nitaviweka kando. Nimeshuka hapa kemisti nikapimwa, imesoma 168 kwa 104. Daktari wangu yuko Alhamisi. Jioni nina zamu ya jimu.

Nesi_Likoni
Ulikaa kwanza au ulipimwa ukiwa umetoka kutembea? Kaa dakika 5, mgongo uegemee, miguu chini usiikunje moja juu ya nyingine, mkono juu ya meza, usiongee. Wapime tena.

Mtoto_wa_Kisauni
Nilikuwa nimetembea. Nimekaa, sasa 164 kwa 102.

Nesi_Likoni
Bado iko juu. Jimu ya jioni hakuna. Alhamisi ni mbali, nenda kliniki leo na paketi yako ya amlodipine pamoja na ile chupa nyeupe, daktari avione vyote viwili. Mwambie umeacha tangu lini, usipunguze siku.

Mtoto_wa_Kisauni
Chupa nayo? Na treina ananipigia simu sasa hivi.

Baharia_Mkongwe
Mpigie wewe ukishatoka kliniki. Mie niko sokoni Kongowea mpaka saa kumi, nitumie ujumbe wa faragha uko upande gani nikupitie na tuktuk, nimngoje daktari na wewe. Fomu ya wakala kama unayo njoo nayo tuisome huko huko.