Mkaa wa Boonesborough

Kikundi: UKOO WA BIBI ZAWADI
Jumamosi

Mama Neema: Shikamoo Mama. Sisi tunatoka Lexington sasa hivi, huku huku Kentucky, Marekani. Tunamngoja Bahati, yuko "njiani" tangu asubuhi.

Mjomba Bahati: Niko njiani kweli! Nani kabeba mkaa?

Neema: Mjomba, tunaenda kusoma historia, si kuchoma nyama.

Mjomba Bahati: Historia bila nyama hiyo ni shule. Basi nanunua mwenyewe.

*

Neema: [picha] Bibi, tumefika. Hili ndilo boma la Boonesborough, huku nyuma ni msitu na Mto Kentucky. Daniel Boone, yule mwindaji aliyewaongoza walowezi, na wenzake walianza kulijenga 1775. Hili unaloliona limejengwa upya, la kwanza halipo tena. Vibanda vya magogo vimeshikana, mgongo wa kibanda ndio ukuta wa boma.

Bibi Zawadi: Marahaba. Huku Kasulu jua linazama. Hiyo ardhi walipewa na nani?

Neema: Walinunua. Machi 1775 kampuni ya Richard Henderson iliwalipa Wacherokee, wenyeji wa asili, ekari kama milioni 20.

Bibi Zawadi: Peke yao ndio walikuwa wenyewe?

Baba Neema: Hapana Mama. Washawnee, wenyeji wengine, nao waliwinda humu, na hawakuuza kitu.

Mjomba Bahati: Aaah, shamba la wenyewe wawili. Mimi nimewahi kulipia kiwanja cha namna hiyo. Nakijua kilio chake.

Baba Neema: Na serikali ya Virginia, iliyotawala humu wakati huo, ikaja kuufuta mkataba 1778. Henderson akapozwa na ekari 200,000.

Mjomba Bahati: Akapozwa na ekari! Mimi nilipozwa na chai.

Shangazi Furaha: 😂😂 Bila sukari.

Bibi Zawadi: Wale ambao hawakuuza walinyamaza?

Neema: Walikuja Septemba 1778 na mkuu wao Blackfish, wakalizingira boma zaidi ya wiki. Wakachimba njia ya chini kwa chini kutoka ukingo wa mto, watokee ndani. Mvua ikanyesha, ikabomoka. Wakaondoka.

Bibi Zawadi: Maskini, na kuchimba kote kule.

Mama Neema: [picha] Mama, tazama hapa. Huyu mama wa gauni refu anapika sabuni kwa mafuta na maji ya majivu. Chungu cha chuma, moshi wote machoni, anakoroga kwa mti. Kaniuliza kama nimewahi kuiona sabuni hii. Nikamwambia nimeiogea.

Shangazi Furaha: Mpaka ngozi ikaimba!

Bibi Zawadi: Mwambie majivu ya mgomba ndiyo makali.

Mama Neema: Nimemwambia. Kacheka, kasema migomba ya Kentucky aitoe wapi.

Baba Neema: Sasa sikieni hili. Alikuwepo mtumwa akiitwa Monk Estill. Baruti ya hapa alikuwa akiitengeneza yeye: shura, salfa na mkaa.

Mjomba Bahati: Neema, umeona? MKAA. Ndiyo historia yenyewe.

Shangazi Furaha: Ngoja kwanza. Mtu wamemfanya mtumwa, halafu baruti wanamwachia yeye?

Mjomba Bahati: Na usiku wanakoroma.

Baba Neema: 1782 bwana wake, James Estill, aliuawa vitani. Monk akambeba majeruhi mmoja mgongoni, karibu maili 25, mpaka kwao. Mtoto wa Estill akamwacha huru. Anatajwa kuwa mtumwa wa kwanza kuachwa huru Kentucky.

Bibi Zawadi: Maili 25 na mtu mgongoni. Alikuwa na watoto?

Baba Neema: Ndiyo, Jerry. Wanasema alizaliwa humu bomani.

Neema: Shuleni Boone tumemsoma wiki mbili nzima. Huyu hata jina sikulisikia.

Bibi Zawadi: Basi kazi yako ya shule iwe ya huyo.

Neema: Nimeshaanza kuandika, Bibi. Nimekaa hapa kwenye gogo.

Mjomba Bahati: Moto umekolea, niko huku chini kwenye meza za karibu na mto. Mwana historia naye aje, nimemwekea mbavu.

Neema: Nakuja 🏃🏾‍♀️

Bibi Zawadi: Majivu msiyatupe. Mpelekeeni yule mama wa sabuni.